Mume Wangu Anataka Nidanganye Kuhusu Mwaka wa Gari Lake

Admin, tafadhali nifiche vizuri, maana hapa Kitale watu wanakutambua hata kwa kikohozi. Nina miaka thelathini na sita, nimeolewa na mwanaume wa Bungoma na tuna watoto wawili. Mume wangu anauza vifaa vya ujenzi. Ana bidii, kanisani anaketi mbele, na ana mkono mwepesi wa kupiga. Huo mkono ndio umenileta hapa.

Mwaka jana alitamani lile gari kubwa la kifahari la umeme, lisilojua petroli. Mnajua huku kwetu gari linavyopimwa: unaangalia herufi za namba ya usajili, zikiwa za juzi basi gari ni jipya, mazungumzo yameisha. Kaka yangu ni fundi wa umeme wa magari kule Bungoma. Alimwambia kwa heshima, "Shemeji, namba inakuonyesha tu lilisajiliwa Kenya lini. Uliza lilitengenezwa lini. Hizi za mwaka wa kwanza wa kutengenezwa zinazima zikiwa barabarani. Za miaka ya baadaye zilirekebishwa, ngojea hizo." Mume wangu alicheka akishika mbavu. "Ati fundi wa bodaboda ananifundisha gari? Si unaona namba, bana!" Akalinunua. Mwaka wa kutengenezwa ulikuwa umeandikwa kwenye logbook, ile hati ya gari, lakini nani alisoma? Hata mimi nilikuwa nimeegemea boneti nikipigwa picha kama malkia. Lilikuwa la mwaka huo huo wa kwanza.

Siku moja mchana tulikuwa tunaenda kwao Bungoma na watoto. Likazima mteremkoni karibu na Kamukuywa. Skrini ikawa nyeusi, usukani ukawa mgumu, milango ikakataa kufunguka. Nyuma yetu trela la miwa lilikuwa linapiga honi, likatupita likitukwaruza na kung'oa kioo cha pembeni. Watoto walipiga mayowe mpaka mdogo akatapika. Mume wangu alivunja dirisha kwa mtungi wa kuzimia moto, akatutoa mmoja mmoja. Nilidhani atanikumbatia. Alinizaba kofi nikaanguka kando ya lami, watu wa bodaboda wakiangalia. "Wewe na ndugu yako mlinitabiria mabaya!" Nilimchukia siku hiyo, na bado namchukia.

Baada ya hapo akaamua kuliuza. Mnunuzi wa kwanza alikuwa mkulima wa mahindi kutoka Tongaren, na swali lake lilikuwa lile lile, ni namba gani. Kwa bahati mbaya kaka yangu alikuwa amekuja siku hiyo kuangalia uso wangu uliovimba. Mkulima aliposikia ni fundi, akamuuliza, "Wewe unaionaje hii?" Kaka hakuzunguka. Alisema, "Mzee, hii ni ya mwaka wa kwanza, na imeshazima na watoto ndani. Usiiguse."

Mkulima hata hakuaga. Mume wangu alienda kwenye buti la gari, akarudi na spana ya magurudumu. Kaka aliinua mkono kujikinga. Pigo la kwanza lilivunja mkono, nilisikia mfupa. La pili lilimpata akiwa ameshaanguka. Nilijilaza juu ya kaka yangu ndipo akaacha, na watoto wangu waliona yote kutoka mlangoni. Mkono wenyewe ni wa kulia, ule anaofanyia kazi. Daktari hajui kama vidole vitakunjika tena.

Kaka hajaenda polisi. Anasema akishtaki, mimi ndiye nitabaki nyumbani na huyu mtu, na ataniua.

Sasa amepatikana mnunuzi mwingine, mwalimu wa kike kutoka Myanga, mama wa watoto kama mimi. Ameshaambiwa uongo kwamba ni toleo lililorekebishwa. Mume wangu ananiambia, "Wewe ndio utaongea naye. Mwanamke mwenzako atakuamini. Ukikosea neno, ule mkono wa ndugu yako utaona ilikuwa mchezo." Nilimpigia kaka nikidhani atanipa nguvu. Alisema, "Dada, mimi nilisema ukweli na umeona. Wewe nyamaza." Nililia kuliko siku ya kofi.

Leo mwalimu amenitumia ujumbe: "Mama, bwana yako anaongea sana lakini wewe nakuamini. Kesho nakuja na watoto wangu ili tulijaribu gari mpaka Bungoma. Niambie kama mama kwa mama, ni la mwaka gani?"

Mume wangu ameusoma kabla yangu. Amenirudishia simu nijibu, akisema atakagua kabla sijatuma. Nimejifungia chooni na ninawaandikia ninyi badala yake. Anagonga mlango kwa ngumi. Jamani, wenye akili tulivu mnisaidie haraka: huyu mama nimwandikie nini?