Lango la Baba Lililobaki Ng'ambo ya Barabara

Enzi zetu, kule Nyalenda hatukuwa na barabara. Tulikuwa na njia, na kila njia ilikuwa na kazi yake. Kulikuwa na njia ya maji, ambayo akina mama waliishukia asubuhi kuelekea ziwani na mitungi kichwani. Kulikuwa na njia ya ng'ombe, pana na yenye vumbi. Kulikuwa na njia ya kanisa, iliyofagiliwa na wasichana kila Jumamosi, nami nikiwa mmoja wao, mgongo ukiniuma kabla sijajua kwamba mgongo ni kitu cha kumsumbua mtu maisha yake yote. Na kulikuwa na njia ya walevi, iliyopinda huku na huku kwa sababu walioikanyaga mara ya kwanza hawakuwa wakiona vizuri. Ukiuliza kwa fulani ni wapi, uliambiwa ufuate ile ya ng'ombe mpaka usikie mbwa mwenye sauti ya kukwaruza, kisha ukate kushoto. Na ulifika. Wajukuu wangu leo huongozwa na simu hata kwenda kwa shangazi yao, na bado hunipigia kuniuliza wako wapi.

Mji wa Kisumu ulikuwa mbali siku hizo, ingawa leo ukiniuliza umbali wenyewe nitaona haya kukujibu. Kwenda mjini ilikuwa safari ya kupakwa mafuta miguuni. Tulipita Kaloleni tukitazama nyumba za mawe zilizopangwa mistari, na watoto waliokuwa wakifungua bomba wakanywa maji papo hapo, tukawaona kama watoto wa wazungu. Sisi jirani zetu walikuwa viboko. Walipanda kutoka ziwani kula mtama wetu, na asubuhi wazee walisimama shambani wakipima nyayo zao kwa fimbo na kulaumiana. Upande mwingine ilikuwa Pandpieri, jina ambalo kwa Kijaluo linakuamuru ufiche makalio yako. Kila mzee alikuwa na hadithi yake ya jina hilo lilikotoka, na hadithi zote zilikatizwa mama alipotokea na chai.

Tulikula nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja tangu alfajiri, na ngege, samaki mnene wa ziwani, wa mchuzi siku baba alipopokea mshahara. Siku nyingine ilikuwa omena, dagaa wetu, na mama alisema macho mengi ya omena ndiyo yatatufanya tuone mbali. Tulicheza kati, mmoja akikwepa mpira wa matambara katikati ya wawili, tukaruka kamba, tukasukuma rimu za baiskeli kwa kijiti kwenye njia ya ng'ombe mpaka tukaitwa majina yetu yote matatu. Hakuna aliyetununulia kitu cha kuchezea. Siku hizi mtoto ana vitu vya kuchezea vya kujaza gunia, na bado anakuambia amechoka kukaa. Mimi nikisikia mtoto wa miaka saba amechoka, huwa natamani kumwonyesha kuchoka kulivyo.

Baba yangu alikuwa mpakiaji wa mizigo bandarini. Alikuwa mtu mfupi, mpole kwa watoto, mkaidi kwa wakubwa wenzake. Alisema mchana kutwa anabeba mali za watu mahali watu wanapotaka, kwa hiyo akifika kwake kila kitu kitakaa mahali anapotaka yeye. Na alichokipenda kuliko vyote kilikuwa lango la boma letu, rangach kama tunavyoliita. Halikuwa lango la kujivunia. Ni nguzo mbili tu za mti wa siala zilizosimama kwenye uwazi wa ua. Lakini wale wa kwetu wanajua. Mwanamume alipotoka kwa baba yake kwenda kujenga boma lake, alikwenda alfajiri na kifungua mimba wake, jogoo na shoka, na lango liliwekwa pale ambapo nyumba ya mkewe ingelitazama. Likishawekwa halihamishwi kama meza. Mwenye boma hutoka kupitia hapo, huingia kupitia hapo, na akifia nje, maiti yake hurudishwa kupitia hapo. Anayetobolewa tundu kwenye ua ni yule aliyekufa kifo kibaya.

Basi mwanzoni mwa miaka ya sabini tuliambiwa sisi sasa ni watu wa mji. Hatukuhama. Mji ndio uliotujia. Nikiwa darasa la sita hivi alikuja mpima ardhi, kijana wa kutoka mbali mwenye soksi ndefu, akapigilia vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu. Njia ya ng'ombe ilikuwa imezunguka boma letu kwa adabu, kama mgeni anayepita mbali na nyumba watu wakiwa mezani. Barabara mpya haikuwa na adabu hiyo. Ilitakiwa inyooke, na kunyooka kwake kulipita kati ya nyumba ya mama na lango la baba.

Baba alimsikiliza kijana yule mpaka mwisho, mikono nyuma. Kisha akamjibu kwa Kiswahili chake cha bandarini.

"Barabara pitisha. Mimi sikatai maendeleo. Lakini hiyo geti yangu haitoki."

"Mzee, geti itabaki bila ua, ng'ambo ya barabara. Itakusaidia nini?"

"Siku yenye nitakufa, nitaingia kwangu na wapi? Unataka wanitobolee ua kama mtu amejinyonga?"

Kijana aliangalia soksi zake. Hakuwa mtu mbaya. Alisogeza kigingi kimoja kidogo, na nguzo mbili za siala zikaachwa zimesimama ukingoni, upande wa pili, peke yake. Greda lilikuja, ua wetu wa mbele ukang'olewa, vumbi likaingia hadi kwenye unga. Ilipokwisha, nyumba yetu ilikuwa huku na lango letu lilikuwa kule.

Mtu mwingine angecheka, akazoea. Baba hakuzoea. Alitoa amri kwamba kila mtu wa boma lile akitoka mbali ataingia nyumbani kupitia langoni. Kwa hiyo tulipotoka shuleni tulivuka barabara, tukapita kati ya nguzo mbili zisizozuia chochote, tukageuka, tukavuka tena kurudi upande ule ule tuliotoka. Wenzetu walisimama kututazama kama watu wanaotazama sarakasi. Mama alifanya hivyo na kuni kichwani, na mvua ikinyesha, miaka na miaka. Sikumsikia akilalamika. Siku moja tu nilimuuliza kama hachoki. Akasema anachoka, lakini mwanamume akinyang'anywa lango atakuwa mpangaji, na yeye hakuolewa na mpangaji.

Magari yalizidi. Makanga wa matatu wakaanza kupaita pale Rangach, na mpaka leo wanapaita hivyo. Kijana mmoja alinieleza majuzi, kwa uhakika wote wa ujana, kwamba Rangach alikuwa chifu wa zamani. Nilimwacha na chifu wake.

Baba alifariki hospitalini kabla ya miaka ya sabini kwisha. Kifua tu, mizigo ya watu ilimrudia. Kaka yangu mkubwa, aliyekuwa akifanya kazi Nairobi, alikodi pikapu ya kumleta nyumbani, na tulipokaribia akamwambia dereva aingie moja kwa moja uani. Alisema barabara ina magari mengi, ni hatari, na mambo ya lango yalikuwa ya mzee mwenyewe, naye amepumzika. Wazee wengine walitikisa kichwa kukubali. Watu walikuwa wamechoka na jua lilikuwa kali.

Mama alishuka kwenye pikapu. Alikwenda katikati ya barabara akasimama. Alikuwa na gauni jeusi na miguu mitupu, na alinyoosha mikono yote miwili. Lori la miwa lilifunga breki mpaka likapiga kelele. Nyuma yake likasimama basi lililotoka Ahero, na upande wa pili gari dogo, kisha jingine. Dereva wa lori alitoa kichwa dirishani, amekasirika, akamuuliza ana wazimu.

Mama akamwambia, "Mzee anaingia kwake."

Dereva alitazama pikapu, akatazama nguzo mbili, akatazama nyumba. Sidhani kama alielewa jiometria ile. Lakini alizima injini, akashuka na kuvua kofia. Abiria wa basi nao wakashuka, wakajipanga kando ya barabara, watu wasiojua hata jina la baba yangu. Kaka yangu na wenzake wakalishusha jeneza upande ule wa pili, wakalipitisha kati ya nguzo, wakavuka nalo lami taratibu hadi mlangoni kwa mama. Hakuna aliyepiga honi. Kilio changu siku hiyo kilichanganyika na fahari, na nilishangaa kwamba vitu hivyo viwili vinakaa kifua kimoja.

Nguzo zilikuja kuangushwa, moja na lori, nyingine na watu waliotaka kuni. Barabara ikapanuliwa, wakaweka ukuta mfupi wa zege katikati. Palipokuwa lango sasa wanaosha magari, na muziki hauzimwi. Boma letu limezungukwa na vyumba vya kupanga, na kipande kilichobaki kinatosha nyumba ya mama na makaburi. Huingiwa kwa nyuma, kupitia uchochoro wa choo na majiko ya chapati.

Mama alifariki mwaka juzi, akiwa mzee sana. Kaka alikuwa amemtangulia, kwa hiyo mkubwa nilikuwa mimi, nimekaa mbele kwenye gari la maiti karibu na dereva, kijana mstaarabu aliyepunguza redio bila kuombwa. Enzi zile barabara nzima ilisimama ili mtu mmoja aingie kwake. Siku ile magari yalitupita kushoto na kulia, na hakuna aliyegeuza hata shingo. Siwalaumu, kila mtu ana pa kuwahi. Tulipofika pale pa kuoshea magari nilimgusa dereva mkono.

"Simama hapa. Ndipo langoni."

Alitazama ukuta wa zege, akatazama kioo cha nyuma ambako wengine walikuwa wamekwisha kuanza kupiga honi.

"Pole, mama," akasema, "hapa hakuna kuingia."

Akaendelea hadi mzunguko wa mbele, akageuza, na tukamwingiza mama kwa nyuma.