Bunduki Ilivyopigwa Rangi Nyeusi

Bunduki ya marehemu mume wangu ilikuwa ya chuma kile cheupe kisichoshika kutu. Lakini hewa ya bahari ya huku Maskati haina adabu, hata chuma kile ilikitia madoa. Mie nikiisugua kwa kitambaa na mafuta kidogo, siku nnapojisikia.

Mwanangu mkubwa alikuja kutoka Bawshar kuichukua, wiki ya harusi ya mwanawe. Siku hizi, akanambia, kuna rangi ya kinga, inapulizwa kama manukato, kisha inaokwa kwenye oveni, haitoki tena.

"Itakuwa nyeusi tii, Mama. Haing'ari."

"Kwani kung'ara kumekukosea nini?"

"Inaonyesha alama za vidole."

"Basi nawa mikono."

Akacheka, akaifunga blanketi aipeleke gereji moja ya Darsait. Nilimwambia jambo moja tu, pale mlangoni: ubavuni pana majina, wasiyaguse. Akasema hewala.

Harusini kwetu wanaume hucheza ngoma ya razha na bunduki zao, kisha huziegesha zote ukutani wakaenda kula. Kuzipambanua baadaye ni tabu, kwa hivyo kila mtu hutia alama yake. Mume wangu alipoinunua alikwaruza kwa msumari majina ya wanawe wote, akaanza na yule wa kwanza, aliyefia Unguja kabla hatujaja huku, hata siku arubaini hajatimiza. Picha hatukumpiga. Kaburi lake halina maandishi. Kusoma sikusoma sana mie, lakini jina lile nikilijua kwa kidole.

Bunduki ikarudi nyeusi kama masizi ya sufuria. Nikapapasa ubavuni. Hamna kitu.

"Yako wapi majina?"

"Ah, Mama. Chuma kile kinateleza, rangi haishiki mpaka kipigwe msasa na kupulizwa mchanga kwanza. Yamekwenda na mchanga."

"Nilikwambia."

"Niliwaambia, labda hawakusikia. Lakini si majina yetu tu? Mimi na wadogo zangu tupo, tunajijua."

"Na kaka yako?"

"Kaka gani? Aa. Yule mtoto."

Yule mtoto! Kama anamtaja mtoto wa jirani.

Alinisikitikia, sikatai. Akatoa simu. Kuna mtu Al Khuwair, akasema, ana mashine ya kuchonga juu ya rangi hiyo hiyo, kazi ya mara moja.

"Nitajie jina lake, Mama, nimtumie sasa hivi."

Kidole kiko juu ya simu, kinangoja. Hakulijua. Bunduki imetundikwa juu ya kichwa chake tangu yu mtoto mpaka kaota mvi, hakupata hata siku moja kuinua macho akalisoma.

Mie watu hunipigia simu mpaka kutoka Unguja kuniuliza babu wa fulani alikuwa nani, na nnawatajia. Nikamtazama mwanangu, nikamwambia nimesahau.

Akaamini. Akatia simu mfukoni, akatoka na bunduki kwenda kuwaonyesha wenzake.