Moto Aliouwasha Mama Zelina

Mwanangu, iko siku moja ya mvua ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa, na siku yenyewe haikuwa yangu. Ilikuwa ya mwimbaji mmoja, Mkrioli wa kisiwa cha Morisi, tuliyekuwa tukimwita Mama Zelina. Ilikuwa Januari ya mwaka 2017, hapa hapa Johannesburg, upande wa Observatory. Nina tabia ya kuandika jioni mambo ya siku, lakini shule yangu iliishia darasa la sita kule Uvira, na mara nyingi nikisoma nilichoandika najiuliza kama kweli ndivyo kilivyokuwa. Kwa hiyo nisipokuwa na hakika, nitakwambia sina hakika.

Wakati ule nilikuwa sijafika miaka arobaini. Ninyi mnaoniita gogo leo, yaani bibi kwa lugha ya hapa, chekeni tu. Mbele ya Papa Ilunga, mzee wetu wa kanisa, nilikuwa bado msichana, na siku ile nilifanya mambo ya kisichana kweli.

Kwanza nikujulishe Mama Zelina. Zamani alikuwa mtu mwenye jina. Aliimba sega, muziki wa kwao, katika mahoteli ya Durban na ya hapa, redio zikapiga nyimbo zake, na wanawake wa rika lake wakashona sketi pana kama zake. Baadaye akapata kiharusi. Mdomo ulirudi mahali pake, mkono ukarudi, lakini sauti hakuijaribu tena mbele za watu kwa miaka mingi. Alikuwa akija saluni ninaposuka, Joubert Park. Hakuja kusukwa, maana nywele zake zilikuwa fupi, nyeupe pe. Alikuja kutusikiliza tunavyoimba huku tukisuka. Siku moja akaniambia kwa Kifaransa, lugha tuliyokuwa tukielewana kwayo, "Binti yangu, nataka kuimba mara moja tena kabla sijafa, ila peke yangu naogopa. Kwaya yako ingeweza kuniitikia?"

Nikasema ndiyo bila hata kuwauliza wenzangu.

Kwaya yetu ilikuwa ya wanawake, Wakongo na Warundi: wasusi, mafundi cherehani, wauza mboga. Papa Ilunga alimpa Mama Zelina nafasi katika sherehe ya mwaka mpya ya jumuiya yetu. Mazoezi tulifanya kwa kupiga makofi tu. Ngoma yake alisema ataileta siku yenyewe, ni ya zamani, haipendi kubebwabebwa. Alijifunza nyimbo zetu mbili, sisi tukajifunza ya kwake moja, na hata siku ya mazoezi alikuwa anaimba chini chini, kama mtu anayepita mlangoni mwa mgonjwa.

Basi siku ikafika. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Mimi na Mama Shantali, mwenzangu wa kwaya, mtu wa Goma, tulikuwa jikoni mwa ukumbi tukipiga pasi vitenge vya sare. Dirisha la jiko lilitazama uani. Tukamwona Mama Zelina amesimama chini ya mabati, peke yake, mbele ya mbaula, ule mkebe uliotobolewa ambao watu wa hapa huwashia moto wa kuota. Alikuwa amewasha magazeti na vijiti. Mikononi alishika ngoma yake, duara, pana kama ungo, ina ngozi upande mmoja tu. Anaisogeza kwenye moto, anaizungusha, anaiondoa, anaigonga, anainama kuiwekea sikio. Halafu midomo yake inacheza. Anatikisa kichwa. Anairudisha tena motoni.

"Unaona anachofanya?" Shantali akaninong'oneza.

"Naona."

"Anazungumza nayo."

"Labda anasali."

"Mtu anasali kwa ngoma? Eish, mama! Kwetu tuliwaona wa namna hiyo. Mimi jukwaani siendi."

Nisimwonee Shantali. Hakuwa mjinga. Mtaani kwao alikuwa ameona watoto wakifukuzwa nyumbani kwa kuitwa wachawi, na pia alikuwa ameona watu wakifa bila kujulikana wamekufa na nini. Woga wake ulikuwa na mahali ulikotoka. Wangu sijui ulitoka wapi. Nadhani ulitoka kwake, niliuchukua kama mtu anavyochukua mafua.

Kabla pasi haijapoa, jiko lilikuwa limejaa wanawake, na wengine walikuwa wameshavua vilemba vya sare. Wakanitazama mimi, kiongozi wao. Nikatoa simu. Katika kikundi cha WhatsApp cha jumuiya nzima, watu wa Yeoville mpaka Diepsloot, nikaandika: "Wamama na wababa, mgeni wetu tumemkuta na mambo ya giza uani. Kwaya haitaimba naye. Wajulisheni na wengine."

Mwanangu, hebu fikiri. Mama yule aliishi peke yake kwenye fleti, na majirani zake watatu au wanne walikuwa ndani ya kikundi hicho. Na miaka miwili tu nyuma sisi wenyewe tulikuwa tumefunga saluni kwa sababu ya maneno yaliyokuwa yakitembea mitaani juu ya wageni, mpaka wengine wakapigwa. Mimi niliyejificha kwa sababu ya maneno, ndimi niliyekuwa nayaandika.

Sikutuma. Ningependa kusema ni busara, lakini haikuwa busara. Nilitaka kwanza Papa Ilunga aone, amwondoe mgeni kwenye programu, ili isionekane nimefanya peke yangu. Nikamkuta ukumbini na suti yake ya kijivu, anapanga viti.

"Papa, soma kwanza hii."

Akavaa miwani. Akasoma polepole, kisha akarudia.

"Mambo gani ya giza?"

Nikamweleza moto, ngoma, na midomo.

"Umemuuliza?"

"Nani, papa?"

"Yeye mwenyewe."

"Papa, mtu anaulizaje jambo kama hilo?"

"Kwa mdomo. Hujawahi kukosa maneno wewe, leo ndiyo umekosa?"

"Kwani wewe unafikiri anafanya nini pale?"

"Sijui," akasema. "Sijawahi kuona kitu kama hicho. Na kwa kuwa sijui, siandiki. Wewe hujui, na umeshaandika." Akanirudishia simu yangu kama mtu anayerudisha sahani chafu. "Nenda ukamuulize, halafu tuma unachotaka. Kiongozi mzima wa kwaya unaogopa bibi aliyepona kiharusi! Nenda."

Nilikasirika, sitakuficha. Nilitaka anieleze, anitetee, au basi aogope pamoja nami. Lakini nilikwenda. Shantali akanifuata mpaka mlango wa uani akasimama hapo, pasi bado mkononi.

"Mama, samahani," nikasema. "Unafanya nini na hiyo ngoma?"

Mama Zelina akanitazama. Akamtazama Shantali na pasi yake. Akaelewa yote, niliona usoni.

"Imekunywa mvua," akasema. "Sikia." Akaipiga. Ilitoa sauti ya godoro lililolowa. "Ni ngozi ya mbuzi. Hewa ikiwa na maji inalegea, ukiipasha moto inakaza. Weka mkono."

Nikaweka. Ilikuwa na joto kama paji la uso la mtoto mwenye homa, na upande mmoja ulikuwa umeanza kukaza.

"Muulize na yale maneno," Shantali akasema kwa Kiswahili kutoka mlangoni. "Alikuwa anasema nini?"

Nikatafsiri.

"Nilikuwa naitukana."

"Unaitukana ngoma?"

"Mvivu huyu! Nimemwambia: mzee mzima wewe, miaka yote unakula moto wangu, leo nakuhitaji ndiyo unalala?"

Nikatafsiri tena. Shantali akasema, "Basi ni kama mume wangu."

Mama Zelina akadai aambiwe alichosema. Nilipomwambia alicheka mpaka akashika ukuta. Shantali akaiweka pasi chini, akaja motoni.

Huku anaizungusha ngoma, Mama Zelina akatuambia habari zake, na hii niliiandika jioni ile ile, kwa hiyo nadhani sikukosea sana. "Bibi mmoja wa ukoo wangu walimchukua utumwani upande wenu huu. Msumbiji, Kongo, hakuna aliyejali kuandika. Mwingine walimtoa Madagaska. Mwingine Uhindi. Na Mfaransa mmoja aliyewamiliki wengine. Nilipokuwa maarufu, magazeti yalinipa kila jina. Nikivaa gauni, Mfaransa. Nikipiga ngoma, Mwafrika. Nikipika, Mhindi. Wasanii wenzangu Wakrioli, wacheza dansi, waigizaji, wapiga gitaa, wengi walichoka, wakakubali jina lolote alimradi waitwe jukwaani. Siwalaumu. Mimi niliwaambia wale wa magazeti: andikeni Mkrioli, neno lipo."

Kisha akauliza, bila kunitazama, "Wameondoka wangapi?"

"Hawajaondoka, mama. Wako jikoni."

"Zamani, ukumbi mmoja Durban, bendi nzima ilifunga vyombo vyake mimi nikiwa uani napasha ngoma. Hakuna aliyesema neno. Niliimba peke yangu. Mpaka leo sijui waliogopa nini. Kwetu hata mapadri wa zamani hawakuitaka ngoma hii, kwa hiyo kuogopwa nimezoea. Ila kuachwa bila kuulizwa…" Akaizungusha ngoma. "Wewe ni wa kwanza kuja kuuliza."

Simu ilikuwa mfukoni mwa aproni yangu, na yale maneno bado yamo. Nikaitoa, nikayafuta mbele ya macho yake bila kumwambia ni nini. Lakini sifa ile haikuwa yangu, na sikuweza kuimeza. Nikamwambia, "Mama, nimetumwa. Papa Ilunga ndiye amenituma."

"Umekuja lakini," akasema. "Shika hapa, tugeuze."

Nilirudi jikoni nikawaeleza wenzangu. Wengi walicheka kwa aibu wakafunga vilemba upya. Wawili walisema wameelewa, ila moyo unakataa, na wakakaa viti vya nyuma. Sikuwasukuma. Walisema wazi, usoni, na hilo naliheshimu hata leo.

Tulipopanda jukwaani mvua ilikuwa inapiga mabati ya ukumbi. Mama Zelina akafungua mdomo, na sauti haikutoka. Pumzi tu. Watu wakatulia. Nikajua hiki ndicho alichokuwa akikiogopa siku zote, hata kuliko kuachwa na sisi. Akaupeleka mkono, ule uliopigwa na kiharusi, kwenye ngoma. Ikaita, kavu, nzuri, mpaka kifuani. Shantali, bila kungoja ishara yangu, akaanza kiitikio kabla ya wimbo wenyewe, kinyume kabisa na mazoezi. Sisi tukafuata. Na ndani ya sauti zetu ile ya mama ikatoka, nyembamba, yenye mikwaruzo, halafu ikapanuka. Kufika ubeti wa pili alikuwa ametuacha nyuma, sisi ndio tunamkimbiza. Akacheza sega yao, ambayo miguu haiachi sakafu, inaburuzwa tu, na kina mama wakashika pindo za vitenge wakamuiga. Papa Ilunga na suti yake alijaribu pia. Sitasema zaidi, ni mzee wetu.

Alipomaliza alinishika bega, jasho linamtoka. "Imetoka," akasema. "Umesikia? Imetoka."

"Imetoka, mama."

Usiku ule nililala kama mtu aliyetuliwa gunia alilobeba kichwani. Hata leo nikikumbuka jinsi kidole changu kilivyokuwa karibu na kile kitufe cha kutuma, nashusha pumzi.

Sasa sikia nasaha yangu, mwanangu, ingawa sijui kama mimi ni mtu wa kutoa nasaha. Ukimwona mtu anafanya jambo usilolijua, msogelee umuulize yeye mwenyewe kabla hujamwambia mwingine. Akikujibu, sikiliza mpaka mwisho. Ukiisha kusikia na bado moyo wako unakataa, mwambie usoni, kisha keti pembeni kwa heshima. Na mtu akikwambia yeye ni nani, mwite hivyo hivyo, usimgawanye vipande ili apate kukuingia kichwani. Hata kama utauliza kwa sababu umetumwa na mwingine aliyekukaripia, nenda. Mimi nilitumwa, na bado nilifika.

Mungu akupe ulimi usio na haya ya kuuliza na mkono mzito wa kutuma maneno. Akuweke karibu na watu wenye macho ya wema. Na siku utakapokuwa peke yako na jambo lako wasilolielewa wengine, awalete mlangoni wakuulize.