Mvumo wa Kumlaza Nasimiyu

Kuna jioni moja, mwanangu, ambayo nimejaribu kuisahau na imekataa. Ilikuwa Jumapili, wakati tukikaa Makongeni kwenye nyumba za reli, na nilikuwa nimeketi kwenye mkeka sebuleni kwa Mama Rukia, jirani yetu, kwa sababu ni yeye aliyekuwa na televisheni. Watu walijaa mpaka mlangoni. Mchezo wa baba yako ulikuwa unaonyeshwa kwa mara ya kwanza. Nasema mchezo wa baba yako, lakini yeye hakuuandika wala hakuigiza. Alitunga muziki tu, ule wa kufungua na ule unaopita chinichini watu wanapogombana na kuachana. Kwetu pale, hata hivyo, ulikuwa mchezo wa Wekesa, na mimi mkewe nilikuwa nimevaa gauni la kwendea kanisani.

Wafula, najua unataka kuifuata kazi yake. Umeniambia mara nyingi, na kila mara nimekujibu "haya" nikaenda kuosha vyombo. Leo vyombo vitangoja.

Kwanza ujue hili. Kabla yako kulikuwa na mwingine. Msichana. Tulimwita Nasimiyu kwa sababu alizaliwa wakati wa kiangazi, na alikuwa ameanza kukaa bila kuegemezwa homa ya mapafu ilipomchukua. Tulimpeleka nyumbani magharibi, tukamzika karibu na nyumba ya babu yako, tukarudi Nairobi, na baba yako akaenda kazini. Hukuambiwa kwa sababu jina hilo halikutajwa nyumbani mwetu. Hakuna aliyekataza. Lilikaa tu hivyo, siku zikaenda, na kadiri zilivyoenda ndivyo ilivyokuwa vigumu kulitaja. Wanawake wa mtaa waliokuwa wakiniita Mama Nasimiyu walirudi kuniita bibi ya Wekesa, taratibu, bila kusema neno. Najua walinihurumia. Lakini iliniuma.

Sasa Nasimiyu alikuwa mbishi wa usingizi, kuliko hata wewe, na wewe ulikuwa balaa. Nilikuwa na mvumo wangu wa kumlaza. Haukuwa na maneno na hakuna aliyenifundisha, ulinitoka tu siku moja nikiwa nimechoka. Ulipanda kidogo, ukasita, kisha ukashuka polepole, na pale pa kusita ndipo alipokuwa akifumba macho. Baada ya kumzika niliendelea kuuvuma bila kujijua, hasa nikifua nguo nyuma ya nyumba. Baba yako alikuwa ndani na kinanda chake, dirisha wazi. Hakutoka hata siku moja. Nilijiambia kwamba hasikii. Amezama katika kazi yake, masikio yamejaa mambo mengine. Nilijifariji hivyo, na kwa kweli ilinisaidia.

Nimsifu panapostahili, maana marehemu hawezi kujitetea. Alikuwa fundi. Alikuwa karani wa reli mchana, Jumapili anapiga kinanda kanisani, na Jumamosi wanafanya mazoezi na bendi yao katika ukumbi wa Kaloleni. Huko ndiko bwana mmoja wa televisheni alikomsikia, akampa kazi ya kutungia mchezo muziki. Basi akawa anakwenda mjini kuonyeshwa vipande vya picha visivyo na muziki, kisha anarudi nyumbani kuvitafutia sauti. Aliwahi kuniambia kwamba kazi yake ni kumliza mtazamaji kabla hajajua kwa nini analia. Nilicheka. Nilidhani ni maringo ya mtu aliyepata kazi mpya.

Basi tulikuwa kwa Mama Rukia. Muziki wa kufungua ukapita, watu wakapiga makofi, nami nikainua kichwa kama mke wa waziri. Mchezo wenyewe ulikuwa wa tajiri, mke wake, na mwanamke wa pembeni, fitina juu ya fitina. Ikafika mahali yule mke, mwenye kucha nyekundu na nywele za kubandika, anagundua ya mumewe. Anageuka, anaanza kupanda ngazi akilia. Hapo muziki ukaingia. Ukapanda kidogo, ukasita, ukashuka polepole.

Yule mwanamke analilia mwanamume asiye na maana, na nyuma yake ni Nasimiyu wangu anatafuta usingizi, mbele ya majirani wote. Wanawake niliokaa nao walikuwa wakijifuta machozi kwa leso.

"Huyu Wekesa ametuweza!" mmoja akasema.

Kijana aliyesimama mlangoni akapiga mluzi. "Mathe, hiyo ngoma ni noma! Mzee wako ni moto!"

Mama Rukia peke yake aliutambua. Kamba yetu ya kuanikia nguo na yake zilikuwa zimekaribiana. Alinitazama, kisha akatazama chini.

Nilimngoja baba yako mlangoni kwetu. Alikuwa ametoka kuutazama mchezo kwa yule bwana wa televisheni mjini, na alirudi amechangamka, anataka kusifiwa.

"Ile ya kwenye ngazi uliitoa wapi?" nikamuuliza.

"Nimetunga."

"Umetunga, Wekesa?"

Akavua koti, akalitundika, akalitundua, akalitundika tena.

"Kumbe ulikuwa unanisikia," nikamwambia. "Siku hizo zote nikifua, ulikuwa unanisikia."

"Nilikuwa nasikia."

"Na hukutoka."

"Ningetoka niseme nini?"

Ningeibiwa sufuria, mwanangu, ningepiga kelele mtaa mzima na kesho yake ningenunua nyingine. Kilichoniuma si wizi. Nilikuwa nimemsamehe mtu asiyesikia, na sasa nikajua kwamba alisikia kila kitu, alisikia mpaka pale pa kusita, akajua nota zake moja moja, na bado akabaki kwenye kiti. Nilimlilia mtoto wetu hatua chache kutoka dirishani kwake, naye akaona kuwa pale pana muziki mzuri. Nilimchukia. Sitalipamba neno hilo.

Baadaye alijaribu kujieleza. Alikaa kitandani, mikono katikati ya magoti.

"Mimi sikujua kulia, Nekesa. Hiyo ndiyo njia niliyokuwa nayo."

"Basi umelia na Kenya nzima," nikamwambia, "ukaniacha mimi nje na karai."

Kesho yake nilikwenda kumweleza Mama Rukia nikitegemea atanisaidia kumlaani. Yule mama alikuwa mtu mzima kuliko mimi, mwenye adabu zake, lakini ulimi wake haukuogopa mtu.

"Amekosa, tena sana," akasema. "Na wewe, binti yangu, ulimwita? Umefua mwaka mzima unamvumia chini ya dirisha, hata siku moja hukumwita kwa jina lake."

Nilimkasirikia nikakaa majuma kadhaa bila kukanyaga kwake. Nilikuwa mwenye msiba, nikaona kwamba ninaambiwa nami nina hatia. Mpaka leo nalikumbuka swali lake.

Kazi ya baba yako ilinawiri. Mchezo ulipendwa, na kila yule mwenye kucha nyekundu alipolia, na alikuwa hachoki kulia, mvumo ule uliingia. Watoto wakaurukia kamba. Muuza maji akawa anapita na mkokoteni wake anaupigia mluzi. Nilikuwa nikifunga madirisha mchana wa jua kali. Halafu kampuni moja ikauchukua kwa tangazo lake, na usiniulize la nini, ni la sabuni ya kufulia. Siku hiyo nilicheka peke yangu jikoni mpaka nikaogopa.

Mimi sikuuvuma tena. Ulipozaliwa wewe, tukiwa tumeshahamia Donholm, nilikulaza kwa kukupigapiga mgongo bila sauti. Ulikuwa ukilia, na siku moja baba yako akatoka chumba cha pili akaja akasimama mlangoni. Nadhani alitaka kusema kitu. Nilimgeuzia mgongo, naye akarudi kwenye kinanda.

Kisha ikaja michezo ya ng'ambo, ile ya watu wanaosema kwa midomo mingine na sauti nyingine, ikaja na muziki wake tayari. Ilikuwa rahisi kuinunua kuliko kutengeneza ya hapa. Wale waliokuwa wakimwita mwalimu wakaacha kumpokelea simu. Unayakumbuka mwenyewe yale makoti yake, namna alivyokuwa akivaa asubuhi kana kwamba anatoka, kisha anakaa sebuleni. Alikaa mbele ya televisheni akiisikiliza michezo ya watu huku amefumba macho. Ulidhani alikuwa akisinzia.

Wakati wa ugonjwa wake wa mwisho, ulipokwenda kumtafutia dawa, aliniomba kitu. Hakuwa ameniomba kitu kwa miaka mingi.

"Nekesa, nivumie ule wa mtoto. Kidogo tu."

Nikamwambia, "Washa televisheni."

Ndivyo nilivyosema. Aligeuza uso ukutani, na hatukuongea tena mazungumzo ya maana mpaka tukamzika. Kwenye mazishi mliupiga kwenye spika, mkadhani mnanifurahisha. Watu wakaja kunishika mkono, wakaniambia mume wangu alikuwa na moyo wa huruma, ndiyo maana nyimbo zake ziliwaliza. Nikawashukuru.

Nimekuwa nikijaribu kuuvuma tangu afe. Najifungia chumbani. Lakini unanitoka alivyoupanga yeye, na vile vinanda vyake nyuma, na namwona yule mwanamke anapanda ngazi. Wa kwangu, ule wa kumlaza Nasimiyu, sijui umekwenda wapi. Uso wa mtoto ulishafifia, nikabaki na mvumo, na sasa hata huo sina.

Sasa nikwambie kilichonifanya nikae chini nikueleze haya. Jumapili nilipokuja kwako, ulikuwa umevaa vile vitu vya masikioni, unatengeneza muziki kwenye kompyuta yako. Mkeo Atieno alikuja akasimama nyuma yako akakugusa bega. Hukugeuka. Uliinua mkono juu, hivi, kumnyamazisha, kisha ukasema, "Ngoja kiasi, niko kazini." Alingoja. Nilimwona anangoja. Kisha akaja jikoni nilikokuwa.

Mwanangu, sikukatazi kazi ya baba yako. Una masikio yake, na kipaji si dhambi. Lakini masikio hayo ulipewa kwanza kwa ajili ya watu wa nyumba yako, kabla ya watu wa televisheni. Ukimsikia mtu wako analia, usitafute kwanza nota yake iko wapi. Inuka. Toka nje. Huhitaji kuwa na la kusema. Baba yako alidhani kwamba angehitaji maneno, kumbe ningetosheka na yeye kusimama tu pale, akishika upande mmoja wa shuka tukaikamua pamoja. Na wewe ukiwa ndiye unayelia, usilie chini ya dirisha ukangoja kutambuliwa. Ita. Taja jina la mtu, hata kama sauti inakukatika, kwa sababu mimi sikuita, nikaja kulipiza kwa mgonjwa aliyelala, na sijui kama nimetubu.

Habari ambayo Atieno alitaka kukupa alinipa mimi, jikoni, akishikilia ukingo wa meza. Si mimi niliyepaswa kuisikia wa kwanza. Rudi nyumbani sasa hivi, uvivue hivyo vitu vya masikioni, umwulize.

Mungu akupe miguu ya kuinuka haraka kuliko baba yako, na ampe Atieno sauti ambayo mimi sikuwa nayo. Awatunze katika nyumba yenu, mcheke humo kuliko tulivyocheka sisi. Awabariki nyote watatu.