Nimetumwa, Alisema Mpambe

Nilipoanza kuandika hadithi ya Mtawala wa Nyota Saba, sikuwa na nia ya kumwandika mtu yeyote ninayemjua. Nilitaka vita vya angani tu: vyombo vinavyoruka kutoka nyota moja hadi nyingine, na mtawala katili aliyekalia kiti cha chuma. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Picha ya Ndege, Kibaha, na kila Jumamosi nilikuwa nikituma sehemu moja kwenye kundi la simu la wasomaji wangu. Lakini mtawala katili hafanyi kila kitu mwenyewe. Lazima awe na mtu wa kuwasomea mateka hukumu na kubonyeza kitufe sayari ya watu iteketee. Mtu huyo nikamwita Mpambe, basi, bila jina lingine. Katika sehemu ya kwanza kabisa, mateka mmoja alimwuliza kwa nini anawatendea vile, na Mpambe akajibu neno moja: "Nimetumwa."

Nilipolisoma neno lile nikajua nimemwandika baba yangu.

Kwetu ni kijiji kimoja cha Maneromango, huko Kisarawe. Baba alikuwa mdogo wa baba mkubwa, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake duniani. Baba mkubwa alikuwa mkuu wa ukoo. Aliamua nani aolewe, nani aendelee na shule, nani alime wapi, na sijawahi kumsikia akipaza sauti. Aliyekuja mlangoni kwa watu ni baba, kofia mkononi, akisema, "Jamani, mimi nimetumwa." Hapo umgombeze nani? Alivunja uchumba wa watu, alihamisha mipaka ya mashamba ya watu, na kila nyumba alipewa kiti na maji ya kunywa, kwa kuwa kwetu hakuna anayemgombeza mtu aliyetumwa. Nadhani hata Mtawala wangu wa Nyota Saba angemwonea wivu baba mkubwa kwa kumpata mtu wa namna ile.

Nikiwa darasa la tano kilikaa kikao cha ukoo. Baba mkubwa alitaka ule upande wa mikorosho tuliokuwa tukiulima sisi apewe mwanawe. Mama akasimama, mwanamke, tena wa kuja, akasema mbele ya wote, "Shemeji, shamba lile nimelipalilia mimi. Wewe hata hujui lina mikorosho mingapi." Watu wakacheka. Baba mkubwa hakusema neno. Alimgeukia baba, akamtazama.

Kesho yake asubuhi baba alilifunga sanduku la mama kwenye baiskeli, wakaenda kulisubiri basi la Kisarawe. Niliwafuata nyuma nikilia hadi njia panda. Nilimsikia mama akimwuliza, "Na wewe mwenyewe unasemaje?" Baba aliiangalia kengele ya baiskeli kana kwamba jibu limeandikwa pale. "Mama watoto," alisema, "mimi nimetumwa."

Mama alirudi kwao, upande wa Mlandizi. Hakuolewa tena, wala baba hakuoa. Mama alifariki nikiwa chuo cha ualimu, akazikwa hukohuko kwao, na baba hakuonekana mazikoni.

Mimi nina hasira za karibu, anayenijua anajua. Lakini nilikuwa sina mzazi mwingine. Kwa hiyo nilimchukia baba mkubwa kwa chuki yangu yote, sikumbakishia mtu, ili nipate baba wa kumpenda. Baba alitumwa. Juu ya neno hilo nilijenga maisha yangu, nikasoma, nikaajiriwa, nikawa mtu mzima.

Baba mkubwa alipofariki, watoto wake walimwambia baba sasa apumzike, maana yake hawakuwa na kazi naye. Nikamchukua nikaishi naye. Wiki ya kwanza aliniumiza roho. Kila asubuhi alioga, akavaa shati na kulifunga vifungo hadi shingoni, akakaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Sijaambiwa."

Nikaanza kumtuma. Chumvi, kiberiti, nyanya za mchuzi, hata vitu ambavyo ndani vilikuwepo. Alikuwa akirudi anasimama mbele yangu kikakamavu: "Nilitumwa kiberiti. Kiberiti hiki." Nilikuwa nikicheka, naye anacheka, na nakiri hiyo ndiyo miezi niliyomfaidi baba yangu.

Macho yake yalikuwa na ukungu, hasomi, kwa hiyo kila Ijumaa nikitoka shuleni nilimsomea sehemu ya hadithi kabla sijaituma. Siku nilipofika kwenye "Nimetumwa" nilimwangalia kwa jicho la pembeni. Hakushtuka. Alisema tu, "Huyo bwana anaijua kazi."

Akawa mwalimu wangu. Alikuwa hajui nyota wala chombo cha angani, lakini mambo ya mpambe aliyajua hadi kwenye mifupa. Alinikataza kumtembeza Mpambe sambamba na Mtawala. "Nyuma, hatua moja, upande wa kushoto. Mkono wa kulia wa mkubwa uwe huru." Siku nyingine alinikatisha katikati: "Huyo mtawala wako anasema mno. Mkubwa haagizi, mwanangu. Anatazama. Mpambe anayesubiri kuambiwa, huyo bado mgeni." Nikafuta maagizo yote ya Mtawala, nikaacha macho tu. Wasomaji waliniandikia kwamba sasa wanamwogopa kwelikweli. Mimi nikajisifu kwa ufundi wangu, nisijue nimeambiwa nini.

Wasomaji walimchukia Mpambe kuliko hata bosi wake. "Madam, huyu mzee anazingua, muue tu," aliandika mmoja. Mwingine akichelewa kujibu salamu kwenye kundi anasema, "Samahani, nilitumwa," na wote wanacheka. Sikumwua. Nilikuwa nimeshaupanga mwisho wake, na mwisho ule ulikuwa zawadi yangu kwa baba.

Mtawala anapinduliwa. Mpambe analetwa mbele ya hakimu, binti aliyefiwa na mama yake kwenye sayari ya mwisho kuteketezwa. Hakimu anamwuliza kwa nini. Mpambe anasema, "Nimetumwa." Na yule binti anashuka kitini, anamfungua pingu kwa mikono yake. Nilimsomea baba Ijumaa moja saa kumi jioni, tumekaa barazani. Nilitaka asikie kwamba nimemsamehe bila kumlazimisha kuniomba.

Alinisikiliza hadi neno la mwisho. Kisha akasema, "Umekosea."

"Wapi, baba?"

"Hapo mwisho. Ile sayari, huyo bwana hakutumwa."

"Baba, anayeandika ni mimi."

"Ndiyo. Lakini hakutumwa." Aliivua kofia akaiweka magotini. "Kaka hakunituma siku ile. Alinitazama tu. Mimi nikajua atataka nini, nikatangulia. Nilipomwambia nimeshampeleka mama yako kwenye basi, alishangaa. Akasema, 'Mbona haraka hivyo? Mimi nilitaka aje aniombe radhi tu.'"

Nilimwuliza kwa nini hakumfuata. Kwa nini hakupanda basi la siku ya pili akamrudishe mke wake.

"Ningemwambia nini? Nilishamwambia nimetumwa. Niliona aibu."

Aibu! Kwa ajili ya aibu mama alikaa kwa kaka zake miaka yote ile, na mimi nikalelewa kwa zamu na wake za watu. Nilimwambia baba maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi, na sitayaandika hapa. Nilimtetea maisha yangu yote mbele ya moyo wangu mwenyewe, na shahidi niliyemtegemea alikuwa neno moja, nalo lilikuwa la uongo.

Baada ya hapo nilimwadhibu, na nilijua ninachofanya. Chakula nilimpa, maji ya kuoga nilimwekea, ila sikumtuma. Chumvi ilipoisha nilikwenda mwenyewe, nikampita pale mlangoni amevaa shati lake, vifungo hadi shingoni, akinitazama kama naweza kumwambia kitu. Sikumwambia kitu. Sijawahi kumfanyia kiumbe yeyote jambo baya kuliko lile. Na sikuwa nimetumwa.

Siku ya kumi na moja sikumkuta kwenye kiti. Alikuwa kitandani, shati limefungwa kifungo kimoja, pumzi inamsumbua. Nilipotaka kukimbilia gari la kumpeleka hospitali alinishika kiganja.

"Mwanangu, mimi sijawahi kumtuma mtu."

"Najua, baba."

"Leo nakutuma wewe. Nenda kwa mama yako. Mwambie sikutumwa."

Nilikuwa na hasira bado, na nilikuwa na hofu, vyote vimechanganyika. Nikamwambia, "Utakwenda mwenyewe ukipona." Akatikisa kichwa kukubali, kama alivyozoea kuwakubalia watu. Hakupona. Hospitali alikaa siku tatu, na siku zote tatu sikumwambia, "Sawa, nitakwenda." Neno lenyewe dogo. Natafuta hadi leo ni nini kilichonizuia, nakuta ni ukaidi tu.

Tulimzika Maneromango. Watoto wa baba mkubwa ndio waliochagua mahali, na sidhani kama walikusudia, lakini niliposimama pale na kuangalia niliona kaburi lake limekaa nyuma kidogo ya kaburi la kaka yake, upande wa kushoto. Nililia hadi wanawake wakanishika kwapani.

Wasomaji wangu wanausubiri mwisho hadi sasa. Kuna walionifariji na kuna wanaoniuliza kila Jumamosi kama Mpambe atafungwa au ataachiwa. Siwezi kuwaambia, kwa sababu binti kwenye kile kiti cha hakimu bado hajaamua.

Lakini arobaini ya baba ilipopita nilipanda gari kituo cha Kwa Mathias nikashuka Mlandizi. Kaburi la mama liko pembeni ya shamba la mihogo la wajomba zangu. Niling'oa magugu kwanza, nikafuta vumbi kwenye msalaba. Njia nzima nilikuwa nimejipangia maneno ya kusema, ya heshima na ya kueleweka, kama ninavyoandaa somo la darasani. Nilipiga magoti, na yote yakanitoka kichwani.

"Shikamoo, mama," nilisema. "Nimetumwa."