Habari za Kenya

Mwanangu, kuna asubuhi moja ninayoikumbuka kuliko nyingine zote. Niliamka Kitale, nikakunja shuka langu na kupanda lori la kwanza nililoona likielekea kaskazini. Sikuwa na mpango wowote. Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo nilitaka tu kuona barabara zinaishia wapi. Nyumbani sikuaga mtu.

Tulipita Kainuk, na kesho yake mchana nikashuka Lodwar. Nchi ilikuwa inatimiza miaka hamsini ya uhuru. Bendera zilining'inia kwenye kila duka, spika zilipiga kelele, wazee walichomeka manyoya ya mbuni kichwani, wanawake waliruka hadi shanga zikalia shingoni. Kila mtu alikuwa na watu wake. Nilipiga makofi kidogo na nisiowajua, nikaona aibu, nikaacha. Nikatafuta mahali pa kulala. Gesti zote zilijaa wageni wa sherehe.

Kwenye stendi ya malori palikuwa na mama muuza makaa, aitwaye Mama Ekai. Aliitazama miguu yangu yenye vumbi.

"Ejok," alinisalimu. "Wewe natoka Kenya? Kenya iko namna gani?"

Nilicheka. Halafu nikasema kwa sauti, ili vijana waliokaa karibu wasikie, "Mama, leo tunasherehekea nini? Kwani hapa si Kenya?"

"Mgeni amekuja na ramani!" kijana mmoja akadakia, na wote wakaangua kicheko. Nakiri, mwanangu: siku nzima ile, hapo ndipo nilipojisikia nina wenzangu.

Mama hakukasirika. Aliendelea kupanga makaa yake.

"Bendera mimi naona," akasema. "Mimi nauliza kijana yangu, Ekai. Alienda huko Kenya kuchunga ng'ombe ya watu. Lori ikikuja, nauliza."

Kicheko kikakatika. Yule kijana wa ramani akaniambia polepole kwamba tangu zamani watu wa huku huiita Kenya nchi yote iliyo ng'ambo ya Kainuk, kule nilikotoka, na kwamba Ekai hajaonekana mwaka wa saba huo.

Nilikaa chini kando ya gunia lake. Nikamweleza nilichokiona: mahindi yamevunwa, mvua imekatika, asubuhi kuna baridi. Akauliza kama wenye ng'ombe huko humpa mchungaji blanketi. Nikasema wengine hutoa. Ekai sikuwa nimemwona, na sikumdanganya.

Jua lilipoanza kushuka alinigeukia. "Wewe nalala wapi?"

"Sijui."

"Mama yako anajua uko huku?"

Nilitikisa kichwa. Akajitwika gunia. "Kuja."

Kibanda chake kilikuwa cha makuti, nyuma ya mji. Ndani alinitandikia ngozi, kisha akateremsha kutoka ukutani ekicholong, kile kigoda kidogo ambacho mwanamume wa huku hutembea nacho kila aendako, akikalie mchana na kukilazia kichwa usiku. Kilikuwa cha Ekai. Alikiacha alipoondoka, kwa hiyo mama aliamini atakirudia.

"Laza kichwa," akasema. "Lakini kesho tuma habari kwa mama yako."

Nilituma. Habari za Ekai hazijajulikana hadi leo.

Siku hizi naishi Kakuma, penye kambi ya wakimbizi. Wakimbizi huniuliza habari za Goma na Bujumbura, miji nisiyowahi kuikanyaga, na wengine hukosea hata majina. Siwasahihishi. Nawauliza, "Una nani huko?" Halafu nakaa nisikilize.

Basi mwanangu, ukiulizwa habari za mbali, usikimbilie kuonyesha unachojua. Anayeuliza hatafuti mji, anatafuta mtu. Usinunue kicheko cha watu usiowajua kwa aibu ya mama wa mwenzako, hata upweke ukubane vipi. Na ukiondoka kwenu, aga.

Mungu akupe mlango wa kufunguka kila ufikapo ukiwa mgeni. Na akujalie, popote barabara itakapokufikisha, asiwepo mama wa kusimamisha malori akiuliza habari zako.