Kukwangua Moshi Menoni: Dodoma, Enzi za Mdachi

Nitakayoyaeleza ni ya namna mbili. Niliyoyaona nayaandika bila kusita. Niliyosimuliwa nitasema nimesimuliwa, nanyi vijana myapime. Kazi hii ya kukwangua meno imeharibiwa na maneno ya watu wasiowahi kushika hata chombo chake kimoja.

Siku yangu ya kwanza katika hospitali ya boma la Dodoma, Bwana Doktari wa kwanza niliyemtumikia, Mdachi, alinikabidhi kikwangulio, chuma chembamba chenye ncha iliyopinda kama ukucha wa mwewe. Mimi ni Mrangi wa Kondoa niliyesoma shule ya serikali, nilitarajia kalamu. "Moshi wa tumbaku hushika ukoga," alinifundisha, "nao ukoga ni uchafu uliogeuka jiwe juu ya jino. Ondoa jiwe, na weusi utakwenda nalo." Kidole cha pete sharti kiegemee jino la jirani, na ncha ianzie kwenye ufizi ikivutwa kuelekea nje, kamwe si kinyume. "Mkono usio na egemeo ni panga," alikuwa akisema. Mwisho tulisugua kwa brashi na unga laini wa chaki, kisha mgonjwa akasukutua kwa maji ya chumvi.

Bwana Doktari wa pili, aliyeshika nafasi ya yule wa kwanza, alikuwa mgeni kabisa katika Ugogo alipokuja Mzee Ndahani, mfugaji aliyevuta kiko tangu ujana wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mrangi. Mke wangu yuko Gulwe kwa kaka zake. Amesema halali tena karibu na kinywa kinachonuka jivu. Kesho kutwa nakwenda kumwomba arudi. Nisafishe."

Bwana Doktari aliinama, akaona pengo la meno mawili ya mbele, chini. "Tumbaku imekula mawili," alitamka kwa Kiswahili chake cha miezi michache. "Haya ya kando yatafuata. Ng'oa yote mawili."

Mzee alinishika mkono. "Nikifika Gulwe na pango la namna hiyo, nani atanifungulia mlango?"

Niliwahi kuona mtu akichapwa viboko kwa neno dogo kuliko lile nililotaka kusema. Hata hivyo nilimwomba Bwana Doktari, kwa adabu zote, atoke barazani awatazame Wagogo waliokuwa wakingoja. Wakafunua vinywa mmoja baada ya mwingine. Wote walikuwa na pengo lile lile, hata wanawali wawili wasiowahi kugusa kiko. Nikamweleza kwamba meno hayo hung'olewa utotoni, na kwamba hiyo ni alama ya kabila lao, si ugonjwa.

Bwana Doktari alirudi ndani. "Kwangua," akasema, akavuta kiti karibu ili atazame.

Ilichukua asubuhi nzima.

"Mrangi, nimekuja kuoshwa, wewe wanichonga kama mwiko!"

"Funua, mzee. Mwiko hausemi."

Nilipompa kioo aligusa meno yake kwa kidole, moja moja, kama ahesabuye ndama waliorudi zizini.

Yaliyotokea Gulwe sikuyaona. Wako wasemao kwamba alipiga magoti. Wako wasemao kwamba mkewe alicheka hata akamwaga maziwa. Sina ushahidi wa lolote kati ya hayo. Nilihudumu baadaye Mpwapwa na Kondoa chini ya mabwana wengine, na sasa nimestaafu kwa kuwa mkono unatetemeka. Kukwangua hufundishika kwa mwezi mmoja. Kutazama vinywa vya watu kabla ya kuvihukumu ni somo ambalo wengi wa wakubwa wangu hawakulimaliza.

Ninaloweza kulithibitisha ni hili. Mwezi uliofuata Mzee Ndahani alirudi hospitalini, na safari hii hakuwa peke yake.

"Huyu naye," alisema, akimsogeza mkewe mbele.

Bibi Matika alitazama sakafu, akafunua kinywa taratibu. Meno yake yalikuwa meusi kuliko ya mumewe, kwa tumbaku ya kutafuna. "Usinicheke, mwanangu," aliniambia.

Sikucheka. Nilichukua kikwangulio nikaanza kazi. Mzee Ndahani alisimama nyuma ya kiti, akakishika kichwa cha mkewe kwa viganja vyote viwili, na hakuviondoa mpaka nilipomaliza jino la mwisho.